Sanduku lenye kufuli tatu, leja yenye msomaji mmoja

Jumapili ya pili ya Majilio mwaka 2023, akina mama 24 wa kigango kimoja, yaani kanisa dogo chini ya parokia, wilayani Chamwino walibaki kanisani baada ya ibada ili wavunje sanduku lao la hisa, yaani wagawane akiba yao. Mikopo yote ilikuwa imesharejeshwa. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na kila mama alikuwa ameipangia kazi fedha yake: mbegu ya alizeti, mwenye plau wa kumlimia ekari mbili, sare na madaftari ya Januari. Leja ilisema sandukuni mna shilingi 4,310,000. Wakahesabu noti juu ya mkeka, wakarudia, wakarudia tena. Zilikuwa 3,924,000. Shilingi 386,000 hazikuwepo.

Hakuna aliyetamka neno wizi. Mama mmoja wa benchi la nyuma aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi bati za mwanetu zilikuwa ngapi?" Vichwa vyote vikamgeukia katibu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya uchumi ya WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, katika parokia yao, na kazi yangu ya kila siku hapa Dodoma mjini ni vitabu vya hesabu. Waliniita Januari. Nilikwenda nikidhani ni kazi ya siku moja. Nilikaa nne, na nimerudi mara nyingi tangu hapo. Kikundi kimeniruhusu kukiandika kisa hiki bila majina ya watu wala ya kigango. Nakiandika kwa sababu akina mama wa Kanisa tunajisifu kwa mambo matatu kwa mpigo: tunasomesha, tunalea viongozi, tunainua uchumi wa mama. Kila jambo lina mjumbe wake na taarifa yake ya robo mwaka. Katika kigango hiki nimeona mambo hayo matatu yakigongana ndani ya daftari moja, na aliyeumia ni binti ambaye kikundi chenyewe kilimsomesha.

Binti wa kikundi

WAWATA ilianza mwaka 1972. Ngazi zake zinatoka kwenye jumuiya ndogo ndogo, zinapanda kigango, parokia, jimbo hadi taifa, na kutoka hapo imeunganishwa na umoja wa dunia wa wanawake Wakatoliki ulioanza mwaka 1910. Mama wa Chamwino anayeuza ubuyu kando ya barabara ana ndugu wa chama hadi Roma, na analijua hilo, na anaivaa sare yake akilijua. Lakini mambo mengi ya WAWATA hayatokei huko juu. Yanatokea kigangoni, ambako padre hufika mara moja kwa mwezi na Jumapili nyingine katekista anaongoza ibada, halafu akina mama wanabaki.

Hawa walikuwa na mfuko wa elimu hata kabla ya kuwa na sanduku la hisa. Walikuwa wanauza karanga na ubuyu mnadani na kuweka pembeni. Mwaka 2016 binti wa mwenzao, akiwa kidato cha pili, alipata mimba. Wakati ule aliyepata mimba alitoka shule na habari yake ikaishia hapo. Mama wawili wa kikundi walitembea hadi kwao wakakaa na mama yake siku nzima. Sijui walisema nini huko ndani. Ninachojua ni kwamba mtoto alipotimiza miaka miwili, mfuko wa elimu ulianza kununua vitabu. Mwaka 2019 walimlipia Mtihani wa Maarifa, ule unaomfungulia aliye nje ya shule njia ya kufanya kidato cha nne. Mwaka 2021 wakamlipia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wakabadilishana zamu ya kumshikia mtoto. Novemba ile ile alipokuwa kwenye chumba cha mtihani ndipo Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa mimba waruhusiwe kurudi shule. Yeye hakuwa amesubiri tangazo. Mama zake walikuwa wamemtangulizia njia.

Matokeo yalipotoka Januari 2022 alikuwa na daraja la nne. Wakampigia vigelegele kanisani, na mwezi huohuo wakamchagua kuwa katibu wa kikundi cha hisa, kumpokea katekista mzee aliyekuwa anawaandikia tangu 2019.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha kawaida, kama vilivyo vingi huku kwetu. Hisa moja shilingi 2,000, na kwa mkutano mmoja mtu hununua hisa moja hadi tano. Kuna mfuko wa jamii wa 500 kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hulala nyumba tatu tofauti. Wengi waliingia baada ya kuumizwa na mikopo ya kausha damu, ile ambayo mtu anakopa 100,000 na kabla ya mwezi kuisha wamekuja kumbebea godoro. Sanduku liliwaokoa na hilo, na sina la kuongeza.

Siku nne

Nilifikia kwa mama mwenyekiti. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, vyombo vikaondolewa, taa ya sola ikawekwa katikati ya mkeka, na vitabu 24 vya wanakikundi vikapangwa kwa namba. Binti alifika saa mbili usiku. Leja alikuwa ameifunga ndani ya kitenge cha Jubilei ya miaka 50 ya WAWATA, kile cha Septemba 2022. Kitenge hicho nacho kilikuwa sehemu ya mashtaka: alikwenda Dar es Salaam kwenye Jubilei kwa nauli ya nani?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa kwenye kiti. Alikaa mkekani karibu na mlango, akaisukuma leja kwangu kwa mikono miwili. "Kila kitu kimo. Sijachana hata ukurasa."

Nilimwamini nilipoona mwandiko. Mtu anayeiba kwenye leja huwa na mwandiko wa kurasa mbili tofauti, wa utulivu na wa haraka. Wake ulikuwa mmoja, wa mwanafunzi, kila sifuri imefungwa vizuri. Lakini mwandiko hausomwi kama ushahidi, kwa hiyo tukaanza: kitabu cha kila mama, muhuri kwa muhuri, kila muhuri hisa moja, dhidi ya mstari wake kwenye leja.

Shilingi 20,000 zilijitokeza usiku ule ule. Mwishoni mwa Juni ukurasa ulikuwa umejaa, akageuza, na hisa kumi za siku hiyo zikaandikwa tena juu ya ukurasa mpya. Kosa la uchovu, nami nimelifanya kazini zaidi ya mara moja.

Siku ya pili zikapatikana 216,000, na hapa sharti nieleze taratibu. Februari 2023 mvua ilikatika kijijini kwao alizeti ikiwa haijashika. Aprili, wakopaji tisa wakasimama mkutanoni kuomba muda. Kila mmoja alikuwa na mkopo wa 120,000, kiwango cha juu cha kikundi, na riba yao ni 10% kwa miezi mitatu, yaani 12,000. Mkutano ukajibu kwa neno moja: tusubiriane. Wakasubiriana mizunguko miwili ya riba, ya miezi mitatu mitatu. Mikopo yenyewe ilikuja kurudi yote. Riba ya mizunguko ile miwili, 24,000 kwa kila mmoja, haikulipwa, kwa sababu wale tisa walielewa wamesamehewa. Katibu alielewa imesogezwa mbele. Leja ina safu moja tu ya riba, na kila tarehe ya riba ilipofika aliijaza safu hiyo akitumaini fedha itafuata. Hakutaka kuacha kisanduku kitupu. Alidhani kisanduku kitupu ndicho kitakachoonekana kama uzembe.

Hili ni kosa lake na nilimwambia hivyo. Riba inayodaiwa haiandikwi mahali pa riba iliyopokelewa. Alilia kidogo, akachukua rula, akachora safu ya pili pale pale mbele yangu. Lakini na mkutano una sehemu yake. "Tusubiriane" ni neno zuri sana la kumwambia jirani ambaye shamba lake limekauka, na ni neno baya la kuandika kwenye muhtasari, kwa kuwa halisemi nani anamsubiri nani hadi lini.

Zikabaki 150,000. Siku ya tatu nilimaliza vitabu vyote na sikuziona. Kila muhuri ulikuwa na mstari wake. Niliona aibu kumtazama binti, kwa sababu sasa hata mimi, bila kupenda, nilikuwa nimeanza kuzihesabu bati za paa la mama yake. Zilikuwa nane.

Alfajiri ya siku ya nne mmoja wa watunza funguo alipita akienda kuchota maji. Ni mama wa miaka zaidi ya 60, mwenye maneno machache. "Mbukwenyi," akasalimia, akaweka ndoo chini, akabaki amesimama. Nikamwambia karibu mama. Hakukaa. Akasema, "Mwanangu, zile unazozitafuta tulizitoa sisi."

Ulikuwa usiku wa Februari, mwaka huo wa ukame. Mkwe wa jirani yake, mama kijana ambaye hakuwa Mkatoliki wala mwanakikundi, alishikwa na uchungu na mtoto hakutaka kutoka. Muuguzi wa zahanati akasema mpelekeni haraka. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mgonjwa mwingine. Mwenye gari kijijini akataka 150,000 mkononi. Mfuko wa jamii ulikuwa na 38,000. Watunza funguo watatu wakaamshana, wakakutana gizani na funguo zao, wakafungua sanduku nje ya mkutano, jambo ambalo katiba yao inalikataza kabisa, wakahesabu noti kwa mwanga wa simu. Mama na mtoto wakapona. Baba wa mtoto akaahidi kulipa baada ya mavuno. Mavuno hayakuja, naye akaenda Kibaigwa kubeba magunia sokoni.

"Mbona hamkumwambia katibu aandike?"

"Tulisema tutazirudisha wenyewe kidogo kidogo, kabla ya mgao. Hatukuweza."

"Na Desemba, walipomgeukia?"

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo tangu siku hiyo silisahau. "Mwenyekiti alisema mwenye maelezo aje mezani ayaandike. Ningeandika na nini? Kalamu naishika kama mwiko."

Aibu ya wazee

Wengine walipolisikia hili walisema watatu wale ni waoga, wamemwacha mtoto wa wenzao achafuliwe ili wao wabaki safi. Ni kweli walimwacha, na walikiri. Lakini tukiishia hapo hatujachambua kitu. Wanawake hawa watatu waliamka usiku kuokoa mtu ambaye si wao. Ujasiri walikuwa nao. Walichokosa Desemba ni namna ya kusimama mbele ya watu wanaowaita mama na bibi, katika kanisa walilobebea maji ya kujengea, na kuonekana hawajui kuandika jina la tendo lao wenyewe.

Mtunza funguo yule alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Mwaka 1970 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata kisomo kilienea vijijini kote. Shule ya watoto alikuwa ameikosa kwa kuchunga. Kisomo kilipofika zamu yake, akiwa ameshaolewa, kilikuwa cha jioni. "Na jioni," aliniambia, "ndiyo saa ya maji." Nilimwelewa vizuri. Huku kwetu mwezi wa Septemba mama anaweza kukaa kisimani hadi nyota zinatoka akisubiri maji yajikusanye chini. Hakuna aliyemkataza kusoma. Ratiba tu ilimpita.

Basi kumbe katika kikundi chenye watu 24, tulipokitazama vizuri, 11 hawakuweza kusoma leja. Wengine waliweza kusoma majina lakini si safu za hesabu. Katiba ya kikundi ilidai katibu ajue kusoma na kuandika. Haikudai hivyo kwa watunza funguo, wala wahesabu fedha, wala kwa mweka hazina. Mamlaka yote ya kufungua yalikuwa kwa wazee wanaoheshimiwa, na mamlaka yote ya kueleza yalikuwa kwa binti mmoja ambaye hakuna aliyemheshimu vya kutosha kumwamini.

Nitasema hapa kitu ambacho wenzangu wa kamati hawakupenda. Kumfanya kijana kuwa katibu kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyesoma, tunakuita kumpa uongozi. Yule binti hakuwa na uongozi wowote. Hakuna mkutano hata mmoja kwenye muhtasari ambapo ametoa hoja. Alikuwa na kalamu yetu na lawama zetu.

"Tumsamehe tu"

Kabla sijaitwa, jambo lilikuwa limefika kwa padre, na kwa nia njema alishauri limalizwe kwa amani: binti aachie nafasi, kikundi kimsamehe, mgao ugawanywe ulivyo, watu waingie Noeli wakiwa na moyo mweupe. Akina mama wengi walikubali. Wengine walilia kwa kuguswa. Yalifanyika hayo bila kura na bila swali hata moja. Na mwezi wa Oktoba tu tulikuwa tumesomewa kanisani kwamba kule Roma wanawake wamepiga kura katika Sinodi, mkutano mkuu wa maaskofu, kwa mara ya kwanza, tukapiga makofi. Sisi wenyewe, katika kikao chetu cha wanawake watupu, hatukumpa mwenzetu hata nafasi ya kura ya kumkataa.

Naujua moyo ule wa kutaka amani, ninao na mimi. Jumuiya zetu zinaishi kwa kusameheana. Bila hivyo tusingeweza kukaa benchi moja Jumapili hadi Jumapili. Ila msamaha una sharti la kwanza, nalo ni kwamba kosa lijulikane. Yule binti alikuwa anasamehewa kitu ambacho hakukitenda, na kadiri walivyomsamehe kwa upole ndivyo kilivyozidi kumganda. Aliniambia angeona nafuu wangemfikisha kwa mtendaji wa kijiji, kwa sababu huko angeulizwa. Mama yake akaacha kwenda jumuiya. Mtoto wake wa miaka saba akaulizwa na wenzake shuleni kuhusu bati.

Bati, kwa taarifa ya yeyote anayesoma, alizinunua kwa hisa zake za mzunguko wa 2022 na fedha ya kuwaandikia watu barua na fomu pale kijijini. Nauli ya Jubilei alilipiwa na shangazi yake. Risiti ya bati alikuwa nayo. Hakuna aliyeiomba.

Kilichokuwepo kabla

Swali lililonisumbua zaidi ni jingine. Shilingi 150,000 zilitoka Februari. Mkutano ni kila wiki. Ilikuwaje sanduku likae na pengo miezi kumi pasipo mtu kujua?

Jibu nilipewa na katekista mzee. Aliniuliza, "Bado wanaimba salio?"

Katika miaka mitatu ya mwanzo, kabla sanduku halijafungwa, fedha zote zilihesabiwa, na mwenyekiti akatangaza: sandukuni mna kiasi fulani, mfuko wa jamii kiasi fulani. Wote wakarudia kwa sauti mara tatu. Mkutano uliofuata, kabla ya kufuli kufunguliwa, mama yeyote aliinuliwa na kuulizwa salio la wiki iliyopita. Akikosea, faini 200. Ndipo sanduku linafunguliwa na kuhesabiwa, waone kama kinywa na noti vinakubaliana. Utaratibu huu unafundishwa kwenye vikundi vya hisa sehemu nyingi, na uliwekwa makusudi kwa ajili ya watu wasiosoma. Akina mama hawa waliumudu mno. Mwanamke wa Kigogo anayejua ukoo wake vizazi kadhaa nyuma na anayekumbuka ni nani alileta mbuzi gani kwenye harusi ya nani, tarakimu saba za wiki moja hazimshindi.

Januari 2022 waliuacha. Hakuna aliyeamua uachwe. Katibu mpya alisoma salio kutoka kwenye leja, kwa sauti nzuri, kwa ufasaha, wakapiga makofi, wakafunga kwa sala. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Wahesabu wakawa wanahesabu makusanyo ya siku ile tu na kuyatumbukiza ndani. "Tulisema sasa tuna msomi," mwenyekiti aliniambia, "tukapumzika."

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Kikundi hakikuwa gizani kikaletewa taa. Kilikuwa na ujuzi wake kamili, wa vichwa 24 vinavyokagua sanduku moja kila wiki bila kuandika herufi. Tulipomsomesha mmoja, wale 23 waliweka chini ujuzi wao, na sisi wa parokia tuliona ni maendeleo. Mimi mwenyewe niliandika kwenye taarifa yangu ya 2022 kwamba kigango kile "kimeboresha utunzaji wa kumbukumbu". Niliyaandika maneno hayo bila kuuliza kumbukumbu zimehamia wapi.

Uhuru wa kiuchumi tunaouhubiri haukai kwenye kiasi cha fedha. Mama ambaye hisa zake zimefika 180,000 lakini inabidi amwombe mtu amsomee kama ni kweli, bado anategemea, tofauti ni kwamba sasa hamtegemei mume, anamtegemea katibu. Na yule katibu naye anabeba mzigo wa watu 23 kwa shingo moja.

Mstari mtupu

Kwaresima ya 2024 mtunza funguo yule alisimama kanisani, mbele ya wote, akasimulia usiku wa Februari. Wenzake wawili walisimama naye. Mkutano ulipiga kura: gari lile lihesabiwe kuwa gharama ya mfuko wa jamii na kila mtu achangie hadi lifidiwe, riba ya wale tisa isamehewe rasmi, iandikwe kwamba imesamehewa. Padre alikuja Jumapili yake ya mwezi, akamwomba binti radhi mbele ya waamini. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Binti hakuwepo. Mama wawili walewale wa 2016 walitembea tena hadi kwao, safari hii wakakaa na yeye. Alikataa kurudi. "Mlinisomesha niwe macho yenu," aliwaambia. "Halafu mkauliza macho yalikuwa yanatazama nini." Walirudi bila jibu la kumpa.

Alikaa nje miezi mitatu. Alirudi baada ya Pentekoste kwa masharti yake, na nilipoyasikia nilijua sasa ndiyo tumepata kiongozi. La kwanza, hatakuwa katibu. La pili, salio liimbwe kama zamani, na sanduku lote lihesabiwe kila mkutano. La tatu, baada ya mwaka mmoja asiwepo mtunza funguo wala mhesabu asiyeweza kuandika kiasi alichokishika, na yeye atafundisha, saa nne asubuhi baada ya ibada, kwa kuwa saa hiyo maji yameshachotwa.

Anafundisha tarakimu kwanza, herufi baadaye. Kitabu cha kiada ni leja yenyewe. Mama anaanza kwa kutafuta mstari wake, anahesabu mihuri yake kwa kidole, halafu anaitazama namba iliyoandikwa pembeni ambayo tayari anaijua kwa kichwa. Kwa hiyo hajifunzi kuhesabu, maana hilo analiweza tangu utoto. Anajifunza sura ya kitu anachokijua. Wanakwenda kasi kuliko nilivyotarajia. Wawili bado wanageuza tatu. Ukatibu sasa ni wa miaka miwili, na katibu ana msaidizi anayeandika leja ya pili ili zilinganishwe.

Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni za wanawake, ilisitishwa Aprili 2023 na kurejea mwaka wa fedha 2024/25. Kikundi kiliomba, kinataka mashine ya kukamua alizeti badala ya kuuza gunia kwa bei ya msimu. Afisa maendeleo ya jamii alipokuja kuwahoji alimwacha mwenyekiti, akamwelekea mama mmoja wa nyuma akamuuliza kikundi kina kiasi gani leo. Mama akataja hadi shilingi ya mwisho. Katiba ilirudishwa ikarekebishwe kifungu cha watia saini benki, na mara ya mwisho nilipokwenda walikuwa wanalifanyia kazi hilo.

Siku hiyo nilionyeshwa ukurasa wa Februari 2023. Binti alipoinakili leja upya aliacha mstari mmoja mtupu kati ya mikutano miwili, na kila aliyetaka kumsaidia kuujaza alimkatalia. Ulikaa hivyo miezi saba. Mtunza funguo aliujaza mwenyewe, Jumapili moja ya Desemba, kwa kalamu ya bluu, akiwa amepiga goti kando ya benchi na wenzake wamenyamaza. Tarakimu zinapanda kidogo kuelekea kulia, na tano imelala. 150,000. Gari.

Alipomaliza aliuliza kama kuna nafasi ya kuongeza jina la mtoto aliyezaliwa usiku ule. Binti akautazama mstari, akamwambia ipo, akamshikia daftari lisicheze.